Begi la Bure

Arobaini kwa thelathini kwa ishirini.
Nimelikata boksi la mabuti ya Zurabi, nikaliunga kwa gundi,
nikaliweka juu ya meza ya jikoni, hapa Kutaisi.
Kisichoingia humu, Mama, hakifiki Bari.
Begi la bure ni hili tu. La pili
bei yake inaizidi tiketi yenyewe.

Mama amekaa kando, mikono mapajani,
ananitazama
kama mtu anayetazama kuku wake akichinjwa na mgeni.

Sikunji. Naviringisha.
Fulana inakuwa mwiko, sketi inakuwa mchi,
leso ya kanisani inaziba pengo la pembeni.
Soksi ndani ya viatu, dawa ya presha ndani ya soksi,
pete ya bibi ndani ya dawa.
Viatu vyenyewe vimelala mzungu wa nne,
kama mimi na Zurabi zamani, kitanda kilipokuwa kimoja.

Nguo nzito haipakiwi, huvaliwa.
Koti la baridi utalivaa, Mama.
Ni mwezi wa sita.
Utalivaa.
Mifuko ya koti hakuna anayeipima:
jozi upande wa kushoto, churchkhela mbili upande wa kulia,
ngumu kama mishumaa, na chaja ya simu katikati yake.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Kanda hilo nimelishusha kwa Guliko, muuza jibini wa ghorofa ya chini,
nikalitundika kwenye ndoano ya mizani yake:
kilo tisa na ushee.
Guliko akasoma kwa jicho moja, kisha kwa mazoea tu
akaniuliza, "Nikuongezee?"
Tukacheka. Mama akatoka kwenda kuanua
nguo ambazo hazikuwa kwenye kamba.

Aliporudi alikumbatia chupa ya tkemali, lita nzima,
ya plamu mbichi za mti wa nyuma ya nyumba.
Haipiti, nikasema. Mwisho mililita mia.
Ni chakula, akasema.
Kwao kila kinachomiminika ni kosa, Mama.
Tukatazamana. Chupa ilikuwa bado na joto la sufuria.

Hotelini ninakofua mashuka
wageni huacha vichupa vya shampuu, vidogo kama kidole gumba cha mkulima.
Nikavisuuza vitatu, mara nne kila kimoja,
nikatengeneza faneli ya gazeti
na usiku ule tukamimina, yeye ameshika, mimi namimina,
mimi nimeshika, yeye anamimina,
bila neno, kama wezi wa petroli.

Uwanjani alfajiri, fremu ya chuma.
Dada mwenye kucha za zambarau akaionyesha kwa kalamu.
Begi likaingia. Nitasema ukweli: liliingia kwa goti langu.
Mama, jasho kipajini, akasonga na foleni.
Hakugeuka. Skafu tatu shingoni,
angegeukaje?

Jumapili ya tatu akapiga simu.
"Nimemwosha nywele yule bibi, Addolorata.
Nikachanganya vichupa.
Nikawa nashangaa, mbona povu halitoki?"
Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, muda mrefu,
na Mama hatumii sukari.
"Akaniuliza, shampuu gani hii? Nikamwambia ya bei mbaya sana.
Sasa anaitaka kila Jumamosi."
Vimebaki vingapi?
"Viwili. Kimoja na nusu; cha nusu nilikula na samaki,
kilikuwa na ladha ya sabuni kidogo."
Kisha, kwa sauti ya chini, maana bibi alikuwa amelala chumba cha pili:
"Lakini nikimfunga kitambaa namnusa utosini.
Giligilani. Saumu. Ule uchachu.
Bibi wa watu, kichwa kizima, ua wetu.
Usimwambie Guliko."